Magunia Sitini Yenye Stika ya Kijani

Shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba, amedunga magunia kwa miaka ishirini na saba, na mpaka leo sijakutana na mtu aliyewahi kumshukuru kwa hilo. Kazi yake iko kwenye ghala la nafaka nyuma ya soko, lile jengo refu la mabati lenye mlango wa kusukuma unaolia kila ukifunguliwa. Mahindi yakiingia, yeye ndiye anayeyapokea kabla ya mtu mwingine yeyote. Ana chuma chake, urefu kutoka kiwikoni hadi vidoleni, kina ncha kali na mfereji katikati. Kinaitwa bambo. Anakidunga kwenye gunia, punje zinateremka mferejini, anazimwaga kiganjani. Anazitazama, anazinusa, anang'ata moja. Kisha zinaingia kwenye kimashine cha kupima unyevu, na zile anazozitilia shaka anazisaga na kuzipima sumukuvu, yaani ile sumu inayoachwa na ukungu kwenye nafaka iliyofungwa ikiwa bado na majimaji. Sumu hiyo haitoki kwa kupikwa, na ini la mtoto haliiwezi.

Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Mama Bambo. Alianzia pale kama mfagiaji, akiwa na miaka ishirini na tatu na mimba ya binti yake. Mpimaji wa zamani alimwona akifagia punje zilizomwagika huku akizitenga nzuri na mbovu bila kuambiwa na mtu, akamnyang'anya ufagio. Alimfundisha kudunga juu, katikati na chini, maana muuzaji mjanja huficha maovu yake katikati. Alimfundisha pia kwamba ukichomoa bambo huondoki. Unasugua tundu kwa ncha, huku na huku, mpaka nyuzi za gunia zinarudiana na tundu linajifumba. Mpimaji anayeacha gunia linavuja, mzee alisema, ni mwizi aliyevaa koti la kazi.

Nyumbani ni balaa. Hali mkate kabla ya kuunusa. Siku ya harusi yangu, watu wamevaa wakapendeza, yeye alikuwa jikoni na bambo lake anadunga magunia ya mchele, na mawili aliyarudisha dukani palepale. Mama mkwe alinuna mpaka wakati wa kukata keki. Mimi na mke wangu tunalicheka jambo hilo hadi leo.

Kitu kimoja hakuwahi kukifanya: kuandika uongo kwenye fomu. Mfanyabiashara mmoja aliwahi kumletea saa ya mkononi, ndani ya kiboksi cha kupendeza, ili mahindi yake yapite. Fomu ya siku hiyo bado ipo kwenye faili. Kwenye nafasi ya maoni shangazi aliandika: "Unyevu kumi na saba, pamoja na saa moja. Vyote vimerudishwa kwa mwenyewe."

Sasa mwaka ule ndipo yakaingia mambo ya mahindi ya maabara. Wakubwa walitangaza kwamba wanafikiria kuruhusu mbegu zilizobadilishwa vinasaba, na kabla hawajamaliza kufikiria, nchi nzima ilikuwa imeshamaliza kwa niaba yao. Kila mtu akawa mjuzi. Kinyozi wangu, ambaye hawezi kunyoa pande mbili za kichwa zikalingana, alinieleza habari za vinasaba kwa nusu saa nzima, wembe mkononi, na sikuthubutu kumbishia.

Mkuu wa upuuzi wote alikuwa Mtangazaji. Alikuwa na kipindi cha asubuhi kinachoitwa Ndiyo au Hapana, na jina hilo halikuwa mzaha, ndiyo akili yake yote ilipoishia. Wageni wake wa kudumu walikuwa wawili. Wa kwanza tulimwita Msomi, kijana wa tai aliyesema kwamba anayeuliza swali lolote kuhusu mbegu mpya ni mshamba. Siku moja alitafuna hindi hewani, tukamsikia akitafuna, akasema: "Nimekula. Nimekufa?" Akaona amethibitisha. Wa pili alijiita Mtaalamu wa Asilia. Huyu aliuza unga wa majani kwenye vikopo, na alitembea na picha ya nyanya yenye mkia wa samaki, ambayo hata mwanangu wa darasa la pili aliona imegundishwa. Redioni picha haionekani, lakini aliielezea kila asubuhi, na kila asubuhi watu walishtuka upya. Debe tupu haliachi kutika, na hapa tulikuwa nayo matatu kwenye chumba kimoja.

Na mimi nisijitoe. Nina duka la uchapaji: mihuri, kadi za harusi, fulana, stika. Nilichapa fulana za pande zote mbili. Za kijani ziliandikwa WANETU SI PANYA WA MAABARA, za bluu ziliandikwa SAYANSI HAIDANGANYI. Zilikauka kwenye kamba moja, bega kwa bega, zikipigana vikumbo na upepo.

Shangazi alipita dukani jioni moja, akazitazama, akaguna.

"Shangazi, na wewe unasemaje?" nilimuuliza. "Ni salama au si salama?"

"Kitu gani?"

"Mahindi ya maabara."

"Yapi?"

"Si hayo wanayoyasema."

"Mwanangu, kuna mbegu iliyobadilishwa ili wadudu wasiile, kuna iliyobadilishwa istahimili dawa ya magugu, kuna nyingine sizijui. Kila moja ina maswali yake. Kilichobadilishwa ni nini? Nani kaipima, kaipima kwa muda gani, na aliyempa kazi ya kuipima ni nani? Mkulima ataruhusiwa kuihifadhi mbegu yake au atakwenda kuinunua kila msimu? Wewe unaniuliza kama mtu anayeuliza dawa ni salama. Dawa ipi? Ya nini? Kijiko au kopo zima?"

Nilimwambia hayo yote hayatoshi kwenye fulana. Akasema basi nivae kifua wazi, maana afadhali uchi kuliko ujinga ulioandikwa kwa rangi.

Kamati ya ghala nayo ikaamua isipitwe. Mwenyekiti wake ni mstaafu wa posta, mtu wa kalamu nne mfukoni, anayependa azimio kuliko chakula. Wakaazimia hivi: mahindi yote yatabandikwa stika, kijani kwa ya asilia, nyekundu kwa ya maabara. Nani atathibitisha yapi ni yapi? Muuzaji. Kwa njia gani? Ataapa. Nilizichapa stika hizo mwenyewe, na sikuona nyekundu hata moja ikitumika, kwa kuwa hakuna mwendawazimu aliyeinua mkono akaapa kwamba mahindi yake ni ya maabara.

Hilo lingekuwa la kuchekesha tu, kama si ile video. Mtu mmoja, sijui nani, alimpiga shangazi picha kwa simu, kwa mbali, kupitia kwenye mlango. Ndani ya video unamwona mwanamke wa koti jeupe anadunga chuma kwenye gunia, anakitoa, halafu anasugua lile tundu mpaka linapotea. Maandishi ya chini yalisema: HAPA NDIPO WANAPOINGIZA VINASABA, KISHA WANAFICHA TUNDU. Miaka ishirini na saba ya kufanya kazi kwa adabu, ikageuzwa ushahidi wa uchawi kwa sekunde kumi na nne. Watu waliopimiwa mahindi yao na mwanamke huyohuyo tangu wakiwa na meno ya maziwa wakaitumiana video hiyo kwa alama za mshangao.

Mwenyekiti hakuwaambia watu kwamba bambo hutoa, haliingizi. Aliitisha kikao. Ikapitishwa kwamba magunia ya kijani yasidungwe tena, ili wananchi wawe na imani.

"Mwenyekiti," shangazi alimwambia, "nisipodunga nitajuaje kilichomo ndani?"

"Mama, kilichomo kimeandikwa nje. Ni asilia."

"Na unyevu nao umeapa?"

Walicheka, wakaendelea na ajenda iliyofuata.

Wiki mbili baadaye, Jumatatu, yakaingia magunia sitini kutoka kwa muuzaji mmoja. Mvua ilikuwa imenyesha siku nne, na turubai la lori lake lilikuwa na matundu ya kupitisha kichwa. Aliapa, akabandikiwa kijani, magunia yakapangwa. Yote sitini yalikuwa ya shule ya bweni iliyo upande wa pili wa soko, watoto mia nne, na lori la shule lingekuja Alhamisi saa tatu asubuhi. Shangazi alipita kando ya rundo, akaingiza mkono kati ya gunia na gunia. Palikuwa na joto. Mahindi makavu hayana joto. Akasubiri watu waende kula, akadunga matatu, juu, katikati na chini.

Unyevu ulikuwa asilimia kumi na nane, na mwisho unaoruhusiwa ni kumi na tatu na nusu. Akasaga, akachanganya na maji yake ya vipimo, akatumbukiza ile karatasi nyembamba. Ikitokea mistari miwili, sumukuvu iko chini ya kiwango. Ikitokea mmoja, imezidi. Alirudia mara tatu, na mara tatu aliona mstari mmoja.

Aliandika ripoti, akampelekea mwenyekiti. Mwenyekiti aliisoma kuanzia mwisho.

"Umedunga ya kijani?"

"Nimedunga yaliyooza."

"Mama, unataka watu waseme nini? Tumewaambia ya kijani hayaguswi. Nikitoa ripoti hii nitakuwa nimekiri kwamba umeyagusa."

"Watoto watakula sumu."

"Sumu iko kwenye yale ya maabara. Haya ni asilia, na nina kiapo." Akaikunja ripoti mara nne, akaitia mfukoni nyuma ya zile kalamu.

Shangazi akaenda kwa mwalimu mkuu wa shule. Huyo akamwambia kwa upole mwingi kwamba yeye hupokea kwa barua ya kamati, na barua inasema kijani. Akiziandikia ofisi za juu, zingeijibu barua yake baada ya wiki tatu, kama kawaida yao, na zingeijibu kwa kuomba nakala. Ikabaki redio. Jumatano asubuhi nilifunga duka nikamsindikiza. Studio yenyewe ni chumba kimoja kilichobandikwa trei za mayai ukutani. Msomi na Mtaalamu wa Asilia walikuwa wameshakaa, wanakunywa chai pamoja, wanataniana kama mashemeji. Taa nyekundu ilipowaka ndipo walipokumbuka kwamba wanachukiana.

"Mama Bambo, karibu sana," alisema Mtangazaji. "Wasikilizaji wanataka kujua jambo moja tu. Mahindi ya maabara ni salama, ndiyo au hapana?"

"Nimekuja kuzungumzia magunia sitini yenye ukungu."

"Tutafika huko. Ndiyo au hapana?"

"Swali hilo halijibiki hivyo, baba. Niambie mbegu ipi, nitakueleza ninalolijua, na nisilolijua pia nitakueleza."

"Kwa hiyo hujui."

"Najua kwamba kuna magunia sitini yana sumukuvu, na kesho yanakwenda kwa watoto."

"Hiyo sumu imetengenezwa maabara?"

"Imetengenezwa na mvua na turubai bovu."

Mtaalamu wa Asilia akadakia. "Basi si mbaya! Ukungu ni kitu cha asili, mama. Mababu waliula wakaishi miaka mia."

"Walioishi ndio waliobaki kusimulia," shangazi alisema.

"Mnaona?" Msomi akapiga meza. "Hii ndiyo hasara ya kung'ang'ania mbegu za kizamani! Mama huyu yuko upande wetu!"

"Siko upande wa mtu. Mbegu yoyote ile, mpya au ya bibi yako, ukiifunga mbichi inaoza. Nasema kesho saa tatu—"

Muziki ukaingia. Mtangazaji alivua visikilizio vyake, akatabasamu. "Mama, wewe ni mtu mzuri sana, ila huna msimamo. Watu wanataka msimamo."

Tulipotoka nje nilikuwa nimepandwa na hasira. Nilitukana, na nilitukana vizuri. Shangazi alitembea ameshika mkoba kwa mikono miwili, akaachana nami kwenye kona ya soko bila kuaga.

Alasiri aliingia dukani akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Chapa stika sitini nyekundu."

"Kamati imeagiza?"

"Nimeagiza mimi."

Nilizima mashine iliyokuwa inazunguka. "Shangazi, yale mahindi si ya maabara."

"Najua."

"Sasa?"

"Sasa nimemwambia ukweli mwenyekiti, nimemwambia mwalimu mkuu, nimeusema redioni. Imebaki saa ngapi lori lije? Kama una njia nyingine nipe." Nilivuta karatasi ya stika. "Basi chapa. Uhakikishe zinafunika kijani yote."

Nilichapa. Alizihesabu kwa kidole, akazitia kwenye mkoba, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliona mikono yake haijui iwekwe wapi.

Alhamisi saa moja na nusu rundo zima lilikuwa jekundu. Shangazi alimpigia Mtangazaji simu mwenyewe. Hakuhitaji kueleza mengi. Alisema tu, "Muuzaji alidanganya, ni ya maabara, na yanakwenda shuleni." Ukungu haukuleta mtu, mvua haikuleta mtu, ripoti yenye vipimo vitatu haikumtoa mtu mmoja kitini. Neno maabara lilileta umati mpaka mlango wa ghala ukang'oka kwenye reli yake. Fulana zangu za kijani zilifika zote. Mwenyekiti naye alifika mbio, akapanda juu ya mizani ili aonekane, akatangaza kwamba kamati yake imekuwa macho siku zote. Lori la shule lilipokuja, na mpishi wa shule amekaa mbele na daftari lake la kupokelea, walizuiwa getini kishujaa. Mchana magunia yote sitini yalikuwa shimoni, yamemwagiwa chokaa. Watu walipiga makofi. Muuzaji alikimbia mji kwa kosa ambalo hakulifanya, na lile alilolifanya hakuna aliyemuuliza.

Watoto hawakuyala. Hilo nataka lieleweke kabla mtu hajamnyoshea shangazi yangu kidole. Walikula mahindi ya zamani yaliyobaki kwenye ghala, ambayo alikuwa ameyadunga kabla ya mambo ya stika. Lakini nilimwona akijaza fomu ya kukataa mzigo. Alipofika kwenye nafasi ya sababu aliandika: "Vinasaba." Mwandiko haukufanana na wake. Nilimwonea huruma, na nikawachukia wote waliomfikisha pale, mmoja mmoja, kwa sura.

Wakamfanya shujaa. Ile video ya zamani ikafutwa, au watu wakajifanya hamnazo kwamba hawakuwahi kuiona, na ikaja nyingine yenye muziki. Mtaalamu wa Asilia akatoa vikopo vipya vyenye picha ya bambo. Siku kumi baadaye wakaitisha mkutano ukumbini ili wamtunuku cheti. Cheti nilichapa mimi, cha pambo la dhahabu, na mwenyekiti alinirudishia mara mbili kwa sababu jina lake halikuonekana vizuri kuliko la shangazi.

Ukumbi ulijaa. Mtangazaji alikuwa anarusha moja kwa moja. Walizungumza sana, wakapakana mafuta, kisha wakampa shangazi cheti na kipaza sauti.

"Nashukuru," alisema. "Ninalo ombi. Kuna magunia arobaini ya kijani ghalani, yanakwenda shuleni Jumatatu. Naomba niruhusiwe kuyadunga. Na yote yatakayokuja baada ya hayo."

Mwenyekiti alicheka kwa upendo. "Mama yetu mnyenyekevu! Ya kijani yana nini cha kupima? Wewe mwenyewe umetuthibitishia. Nyekundu ni sumu, kijani ni salama. Tumeshaandika azimio, na fomu yako tumeiambatisha."

Makofi. Nilimwona shangazi anafumba macho. Alikuwa ametoa uongo mmoja ili kuokoa magunia sitini, na wao walikuwa wameuchukua wakaufanya kufuli.

"Nilidanganya," alisema.

Ukumbi haukuelewa, ukaendelea kupiga makofi kidogo.

"Yale sitini hayakuwa ya maabara. Yalikuwa ya kijani kama hayo arobaini. Yalikuwa yameoza. Niliwaambia yameoza, hakuna aliyeinuka. Nikawaambia ni ya maabara, mkang'oa mlango. Fomu ile ni ya uongo na naomba irekebishwe. Sababu ya kukataa ni sumukuvu."

Kisha sauti ikatoka katikati: "Kanunuliwa!" Ikapokewa kushoto, ikapokewa kulia, ukumbi mzima ukawa unaimba. Mtaalamu wa Asilia alisimama juu ya kiti akauliza kampuni gani imemlipa. Msomi naye akapaza sauti kwamba amewachafulia wanasayansi jina, kwa hiyo amenunuliwa na upande ule mwingine. Alipodanganya hakuna aliyemtaka ushahidi. Aliposema kweli wakamtaka aonyeshe bahasha. Mtangazaji alikuwa anang'aa jasho kwa furaha, anawaambia wasikilizaji watume neno NDIYO kama amenunuliwa, HAPANA kama hajanunuliwa.

Nilijipenyeza mbele nimtoe shangazi kabla hawajamgusa. Kuna mtu alikuwa ameshafika kabla yangu. Alikuwa yule mpishi wa shule, mwanamke mfupi mwenye alama za kuungua mikononi, na sikuwa nimewahi kumsikia akisema neno. Alikuwa amefunga kitu kwenye pindo la nguo yake. Alilifungua juu ya meza kuu, mbele ya mwenyekiti, na mahindi yakamwagika, kiasi cha konzi moja.

"Dada," alisema, "haya nimeyatoa stoo yangu asubuhi. Mimi nitayajuaje?"

Shangazi alimtazama kana kwamba haamini masikio yake. Wiki zote zile, katika kelele zote zile, hakuna aliyemuuliza hivyo. Hata mimi, mpwa wake wa damu, sikumuuliza. Tulikwenda kwa mwenyekiti, kwa mwalimu mkuu, redioni, kila mahali penye meza na kiti cha kuzunguka, na hatukukumbuka kwamba shule ina mtu anayelitia hindi kwenye sufuria.

Akakigeuza cheti upande mweupe, akazisambaza punje juu yake. Wakainama wote wawili.

"Hii, unaona ilivyofifia hapa kwenye kiini? Toa. Hii imepasuka, toa. Hii usiiogope, ni rangi yake tu ya kuzaliwa. Hii vumbi la kijani, toa na jirani zake."

"Nikichagua hivyo yatakuwa salama?"

"Yatakuwa na nafuu. Nyingine huionei dalili kwa macho. Salama sisemi mpaka nipime."

Mpishi alizitenga zile mbovu kando. Nyuma yetu walikuwa bado wanaimba. "Mwenyekiti," alisema bila kuinua kichwa, "daftari la kupokelea nasaini mimi. Jumatatu gunia lisilodungwa haliingii jikoni kwangu. Hata libandikwe dhahabu."

Mwenyekiti alichomoa kalamu. Katika maazimio yake yote hakuwa na hata moja linalohusu jiko la mtu.

Jumatatu yale arobaini yalishushwa nje ya geti la shule, barabarani, mahali ambapo kamati haina mamlaka. Kamati ilikuwa imeshamsimamisha kazi, kwa hiyo alikuja bila koti, na bambo na karatasi za vipimo alivyovinunua mwenyewe. Alidunga moja baada ya jingine, akazimwaga punje kwenye bakuli la bati karibu na sikio, maana kavu hulia na mbichi hunyamaza. Mpishi alisimama naye na daftari. Ndani ya kibanda cha mlinzi redio ilikuwa inasema matokeo yametoka, asilimia sabini na mbili ndiyo, kanunuliwa, na swali la leo ni kama Mama Bambo ni mtu mwema au mbaya, chagua moja.

"Baba, zima hiyo," shangazi alimwambia mlinzi. "Sisikii mahindi."

Kwenye yale arobaini alikataa tisa.